Kitenzi "Shall" na Mfasiri wa Sheria

Sisi tunaoshughulika na istilahi tumezoea kupima ugumu wa lugha ya kigeni kwa nomino zake. Orodha zetu zimejaa majina ya vyeo, vyombo na maradhi, lakini vitenzi vidogo tunaviacha vipite kana kwamba kila mtu anavijua. Katika makala haya tunakusudia kukieleza kitenzi kimoja cha Kiingereza, yaani "shall", ambacho mwanafunzi hufundishwa kwa dakika chache kuwa ni alama ya wakati ujao, lakini ambacho majaji wamebishana juu yake kwa zaidi ya miaka mia moja.

Asili yake si wakati bali ni deni. Katika Kiingereza cha kale, kabla ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, "sceal" ilikuwa na maana ya "ninadaiwa", na kutokana na hiyo, "ninapaswa". Ndugu yake wa Kijerumani, "sollen", angali anabeba maana ya wajibu, na neno "Schuld", la ukoo huo huo, lina maana ya deni na pia ya hatia. Anayedaiwa hutazamiwa kulipa. Kwa njia hiyo neno la deni likaanza kutaja jambo lijalo. Wafuasi wa John Wycliffe, walipoitafsiri Biblia kutoka Kilatini katika karne ya 14, walilitumia mara kwa mara mahali pa njeo ya wakati ujao.

Jirani yake, "will", ana asili nyingine, nayo ni kutaka. John Wallis, katika sarufi ya Kiingereza aliyoiandika kwa Kilatini na kuichapisha mwaka 1653, alijaribu kuyagawia maneno hayo mawili kazi zake. Katika nafsi ya kwanza, "shall" hutabiri tu, na "will" huahidi au hutisha. Katika nafsi ya pili na ya tatu mambo hugeuka. Vitabu vya shule viliirithi kanuni hiyo, ikafika hata katika madarasa ya Afrika Mashariki, ingawa Waskoti na Waairishi, walio jirani kabisa na mwenye kanuni, hawakuijali sana.

Hapa mfasiri wa Kiswahili na atue kidogo. Kiambishi chetu cha -ta- nacho ni mtoto wa kitenzi "kutaka", na alama ya uzazi huo ingali inaonekana katika "atakayekuja", ambamo -taka- imebaki nzima. Kwa nasaba, basi, -ta- ni ndugu wa "will", si wa "shall". Ni kweli kwamba nasaba haiyafungi matumizi ya leo. Asemaye "mvua itanyesha" hadhani kwamba mvua inataka. Lakini jambo hili latuonyesha kwamba -ta- haikuzaliwa na deni ndani yake. Mkuu wa ofisi akimwambia karani, "Utaleta faili hilo kesho," anaamuru. Rafiki akisema maneno hayo hayo huenda anabashiri tu. Wajibu hutoka kwa msemaji na mahali, na sheria iliyochapishwa haina sauti wala uso.

Waandishi wa sheria wa Kiingereza walilitwika "shall" mizigo yote. Linaamuru, linaunda vyombo, linaweka fasili, na mara nyingine linatoa ruhusa tu. Kisa mashuhuri ni kile cha parokia ya Clewer, karibu na Windsor. Sheria ya mwaka 1840 juu ya nidhamu ya makasisi ilisema kwamba malalamiko yakiletwa, "it shall be lawful" kwa askofu kuunda tume ya uchunguzi. Muumini mmoja, Dakta Julius, alilalamika juu ya namna kasisi wake alivyoendesha ibada. Askofu wa Oxford akakataa kuunda tume. Shauri lilifika mpaka Baraza la Malodi, lililokuwa wakati ule mahakama ya mwisho ya Uingereza, nalo likaamua mwaka 1880 kwamba maneno hayo humpa mtu uwezo, lakini yenyewe hayamlazimishi. Kama upo wajibu, sharti utafutwe kwingine. Mfasiri ambaye angeandika "ni lazima" angalikuwa amemfunga askofu ambaye majaji walimwacha huru.

Kwa Tanzania jambo hili si la vitabuni tu. Kifungu cha 53 cha Sheria ya Tafsiri ya Sheria ya mwaka 1996 kinasema kwamba "may" huonyesha hiari, na "shall" huonyesha kazi ambayo ni lazima itekelezwe. Hata hivyo, Mahakama ya Rufani, katika rufaa ya jinai namba 118 ya mwaka 2006, iliona kwamba "shall" katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai si amri kamili kila mara, bali lisomwe pamoja na kifungu cha 388 cha sheria hiyo. Kisha marekebisho ya mwaka 2021 yakakifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, na mzigo wa kutafsiri sheria za zamani ukaja mezani petu. Mahakama "itamweleza" mshtakiwa haki zake, au "ni lazima imweleze"? Kwa mtu aliyeko gerezani, hilo si suala la mtindo.

Rai yetu ni kwamba kisawe kimoja hakifai. Wenye lugha wenyewe wanalikimbia neno hili: Katiba ya Afrika Kusini ya mwaka 1996 ilichagua "must", na kanuni za mashauri ya madai za mahakama za shirikisho za Marekani ziliandikwa upya mwaka 2007 bila "shall". Panapoundwa chombo, -ta- inatosha: "kutakuwa na Baraza". Panapotozwa wajibu, "ni lazima" iandikwe waziwazi. "Sharti" lina ladha nzuri na ni fupi, ila katika mikataba lina kazi yake nyingine, ya kutaja masharti. Na "atapaswa" twaiona dhaifu, kwani msikilizaji huisikia kama nasaha.

Makatazo ndiyo yanayoharibiwa zaidi. "Mtu hataingia" ni utabiri. "Mtu asiingie" ni katazo. Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili walilitambua hilo katika Amri Kumi, wakatumia dhamira tegemezi pale ambapo Kiingereza cha mwaka 1611 kilikuwa na "shalt not". Ama "it shall be lawful", ambayo ingalimo katika sheria kadhaa za zamani, twapendekeza iandikwe "ana mamlaka ya", na neno "lazima" lisikaribie hapo.