Dhahabu ya Kilwa katika Mji wa Lisbon

Mtu atakaye kuujua mji wa Lisbon, uliokaa juu ya vilima kando ya mto Tejo, karibu na pale mto huo unapojimimina katika bahari ya Atlantiki, hana budi kuiacha motokaa na kwenda kwa miguu yake mwenyewe, maana vichochoro vyake vya kale vilikadiriwa kwa upana wa mtu na punda wake, na ngazi zake hazimhurumii mwenye haraka.

Nilianza katika mtaa wa Alfama, chini ya ngome ya São Jorge, na kabla sijafika mbali jina lenyewe la mtaa likanisimamisha. Asili yake ni Kiarabu, al-hamma, yaani chemchemi ya maji moto, nalo ni ukumbusho wa zama ambazo Waislamu waliutawala mji huu, tokea karne ya 8 hata mwaka 1147, Mfalme Afonso Henriques wa Ureno alipouhusuru na kuutwaa, akisaidiwa na Wanamsalaba waliokuwa njiani kwenda Nchi Takatifu. Walioshindwa walitengewa mtaa wao nje ya kuta, unaoitwa Mouraria hata leo. Mwenyeji wa Lamu angepita humu asione ugeni mwingi: nyumba zimekaribiana hata majirani waweza kupeana chumvi madirishani, na njia, ukidhani imekwisha, hupinda ghafla ikakutoa uwanjani.

Masikio nayo hayakukosa fungu lao. Mkahawani nilisikia mesa, njiani bandeira, dukani lenço, nikafahamu kwamba meza, bendera na leso zetu zilisafiri merikebu moja na mizinga. Igreja, ambalo kwao ni kanisa, kwetu limekuwa gereza. Na wazee wetu, walipolifanya neno hilo kuwa jina la nyumba ya kifungo, pengine hawakukosea kusikia.

Chini bondeni, ukingoni mwa mto, ni kiwanja cha Terreiro do Paço, chenye uzuri wa mistari na pembe, uzuri uliozaliwa na msiba. Asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755, sikukuu ya Watakatifu Wote, makanisa yakiwa yamejaa watu na mishumaa inawaka, zilzala iliupiga mji. Maji ya mto yakarudi nyuma, kisha yakaja kwa ghadhabu. Na moto ukala kwa siku kadhaa yaliyosalia. Jumba la wafalme lililokuwa hapa likateketea, na pamoja nalo Casa da Índia, diwani ya biashara ya Mashariki, na hati zake nyingi zilizokuwa na habari za bahari yetu. Waziri aliyekuja kupewa cheo cha Marquês de Pombal aliusimamia ujenzi mpya, akaamuru njia pana zilizonyooka, na ndani ya kuta za nyumba kikatiwa kiunzi cha mbao zilizopishana msalaba msalaba, ili nyumba itikisike isianguke.

Siku ya pili nilifika Belém, kwenye monasteri ya Jerónimos, iliyoanza kujengwa mwanzoni mwa karne ya 16 kwa ushuru wa sehemu 1 katika 20 ya biashara ya viungo, na ambayo zilzala haikuibomoa. Mafundi wake walichonga mawe yakawa kamba na mafundo ya mabaharia, kazi ambayo naikiri kuwa bora kuliko nyingi nilizopata kuona. Ndani yake amelala Vasco da Gama, aliyeng'oa nanga ufukoni hapa Julai 1497, na mwaka uliofuata Malindi ikampokea kwa hisani na kumpa rubani wa kumfikisha Bara Hindi. Kaburi lake ni zuri. Sikukaa sana.

Nikarudi kwa miguu kuufuata mto, mwendo wa zaidi ya saa moja, hata jumba la makumbusho ya sanaa za kale, ambamo ndani ya kioo mna chombo cha Ekaristi ambacho Wakatoliki hukiita monstransi, kazi ya mfua dhahabu Gil Vicente. Mitume 12 wamepiga magoti kupazunguka mahali pa Sakramenti, kila mmoja na vazi lake la rangi, wadogo kama vidole, na nyuso zao zimechongwa kwa subira isiyo kifani. Ama dhahabu yenyewe, ilitoka kwetu: mwaka 1502 da Gama alirejea na mizinga, akamlazimisha Amiri Ibrahim wa Kilwa kulipa kodi, nayo ikawa mithkali 1,500 za dhahabu. Kodi hiyo haikuuokoa mji, kwani mwaka 1505 Mreno mwenzake, Francisco de Almeida, aliuvamia na kuupora, na chombo kikamalizika mwaka 1506.

Maneno yamechorwa kukizunguka kitako cha chombo, kwa hiyo hayasomeki na mtu aliyesimama mahali pamoja. Nilikizunguka mara mbili, hatua kwa hatua, hata yakatimia: kwamba Mfalme Manuel aliamuru kifanywe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa.