Serikali ama kampuni? Uliza kwanza hasara ni ya nani

Desemba 1990, mwandishi wa habari wa runinga kutoka Japani, Toyohiro Akiyama, alipaa na chombo cha Soyuz hadi kituo cha anga cha Mir. Nauli yake ililipwa na stesheni aliyofanyia kazi, TBS, na roketi yenyewe ilikuwa imebandikwa matangazo ya kampuni za Kijapani. Aliyeuza tiketi hiyo si Elon Musk wala Jeff Bezos. Ni Umoja wa Kisovieti. Nchi ya kikomunisti, serikali tupu kuanzia juu hadi chini.

Miaka 10 baadaye, kitu kama hicho tena. Aprili 2001, Dennis Tito, tajiri wa California, alijilipia safari ya kwenda Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, ISS. NASA walikataa kabisa, hata wakamzuia kufanya mazoezi kwao. Warusi wakachukua pesa, wakampeleka. Yaani bepari alikuwa Moscow na aliyekuwa anasema "anga si ya biashara" alikuwa Washington.

Naanza na hao wawili kwa sababu haya mabishano ya serikali dhidi ya kampuni yamekuwa kama Gor na Ingwe: unachagua jezi, halafu unaziba masikio. Upande mmoja, NASA ni wazembe wanaokula kodi na SpaceX imewaaibisha. Upande wa pili, Musk ni tajiri anayecheza na mali ya umma. Mimi naona jezi zote mbili zinaficha maswali yenyewe. Chombo kikichelewa ama kikiharibika, nani anagharamika? Na nani ana nguvu ya kusema "leo hakuna kupaa" na akasikizwa?

Chukua Apollo. Kila mtu husema mwezini kulifikiwa na serikali, na pesa kweli zilikuwa za serikali. Lakini roketi ya Saturn V ilikuwa na sehemu tatu: ya chini ilitengenezwa na Boeing, ya katikati na North American, ya juu na Douglas. Chombo kilichotua mwezini kilijengwa na Grumman. Kompyuta ya kukiongoza ilibuniwa chuoni MIT, ikaundwa na Raytheon. Kampuni zilikuwa ndani tangu siku ya kwanza. Kinachobadilika katika hii historia yote ni mkataba.

Najua neno mkataba linaboesha, lakini nivumilie kidogo. Ukijenga nyumba ushago, kuna njia mbili za kumlipa fundi. Ya kwanza, unamlipa kwa siku, na saruji, mbao na misumari unanunua wewe. Ukuta ukianguka unajengwa tena kwa pesa yako, na fundi anazidi kuhesabu siku. Ya pili, mnapatana bei moja ya kazi nzima. Ukuta ukianguka, hiyo ni shida yake. Kampuni za Apollo zililipwa zaidi kwa njia ya kwanza: gharama zote zinarudishwa, halafu faida inaongezwa juu.

Na wala haikuwa ujinga. Mwaka 1961 hakuna mtu aliyejua kumpeleka binadamu mwezini kunagharimu nini. Kampuni gani yenye akili timamu ingetaja bei moja na kusaini? Januari 27, 1967, moto uliwaua Gus Grissom, Ed White na Roger Chaffee ndani ya chombo kikiwa bado chini, kwenye mazoezi. Chombo kilibidi kifumuliwe na kubuniwa upya. Fundi wa bei moja angefilisika hapo, ama angeanza kuficha nyufa. Kwa kitu ambacho hakijawahi kufanywa na mtu yeyote, mimi niko upande wa serikali kubeba hasara.

Shida ni kwamba nyumba iliisha na fundi wa siku hakuondoka.

Space Shuttle iliuzwa kwa wananchi kama usafiri wa bei nafuu wa kwenda na kurudi. Iliruka mara 135, kati ya 1981 na 2011, na unafuu haukuonekana. Lakini pesa tuziache kidogo. Usiku wa Januari 27, 1986, mainjinia wa Morton Thiokol, kampuni binafsi iliyounda roketi za pembeni za Shuttle, walikuwa kwenye mkutano wa simu na NASA. Mmoja wao alikuwa Roger Boisjoly. Walisema msirushe kesho. Florida kulikuwa na baridi kali, na pete za mpira zinazoziba maungio ya roketi hizo hukakamaa baridi ikizidi. Wakuu wa NASA kwenye simu hawakufurahi. Thiokol wakaomba muda wajadiliane peke yao. Waliporudi hewani, mameneja walikuwa wamewapiku mainjinia wao wenyewe: rusheni. Kesho yake Challenger ilisambaratika sekunde 73 baada ya kupaa, ikiwa na watu 7. Mmoja alikuwa Christa McAuliffe, mwalimu wa shule, na wanafunzi nchi nzima walikuwa wanatazama.

Sasa niambie, hapo iliyoua ni serikali ama ni kampuni? Walikuwa kwenye simu moja. Mteja alitaka kuruka, muuzaji alitaka kumfurahisha mteja, na wenye kujua wakaambiwa wakae kando. Columbia, Februari 1, 2003, watu wengine 7. Wakati huo shughuli za kila siku za Shuttle ziliendeshwa na United Space Alliance, kampuni ya ubia wa Boeing na Lockheed Martin. Kipande cha povu kilikuwa kimegonga bawa wakati wa kupaa. Mainjinia waliomba bawa lipigwe picha chombo kikiwa bado angani. Wakuu hawakuona haja.

Shuttle ilipostaafu mwaka 2011, Marekani ikabaki bila chombo chake cha kubeba watu. Miaka 9 walinunua viti kwa Warusi, na bei ya kiti ikapanda kutoka karibu dola milioni 21 mwaka 2008 hadi zaidi ya milioni 80. Ni kama kutegemea pikipiki ya jirani mliyekosana naye: nauli anapanga yeye. Mwaka 2014, baada ya vikwazo vya Crimea, Dmitry Rogozin, naibu waziri mkuu wa Urusi, aliwapa Wamarekani ushauri: tumieni trampolini kufika ISS.

Hapo ndipo fundi wa bei moja anaingia. NASA walikuwa wameanza kumjaribu mwaka 2006, kwenye mizigo. SpaceX, mmoja wa waliochaguliwa, ilirusha Falcon 1 mara tatu ikashindwa mara tatu, ikafaulu ya nne Septemba 2008. Pesa zilikuwa karibu zimeisha. Desemba mwaka huohuo NASA wakawapa kandarasi ya dola bilioni 1.6 ya kupeleka mizigo ISS mara 12. Kwa hivyo wasee wa "Musk alijitegemea", pole. Bila hiyo hundi ya serikali, huenda Falcon 9 isingekuwepo, ile iliyobeba setilaiti yetu ya Taifa-1 Aprili 2023.

Septemba 2014 ikafika zamu ya watu. Wabunge kadhaa wa Marekani walikuwa wametaka ichaguliwe kampuni moja tu, wakisema mbili ni kupoteza pesa. NASA wakasimama kwa mbili: Boeing dola bilioni 4.2, SpaceX bilioni 2.6. Kazi ni ileile. Boeing walikuwa ndio jina kubwa, wazee wa Apollo, na wengi dau lao liliwekwa hapo.

Mei 30, 2020, Doug Hurley na Bob Behnken walipaa na Dragon ya SpaceX. Boeing nao Desemba 2019 walikuwa wamerusha Starliner bila watu: saa ya chombo ilikuwa imesoma wakati usio sahihi, kikachoma mafuta ovyo na hakikufika ISS. Safari ya kwanza na watu ilikuja Juni 5, 2024. Butch Wilmore na Suni Williams walienda kwa siku kama nane. Gesi ya heli ikavuja, vijiinjini kadhaa vya kuelekeza chombo vikazima njiani. Boeing walisema kinaweza kurudi na watu salama. Agosti 24 NASA wakasema hapana, na mkuu wao wakati huo, Bill Nelson, akataja Challenger na Columbia alipoeleza sababu. Starliner ilirudi tupu. Wilmore na Williams wakarudi Machi 2025, na Dragon.

Watu walicheka sana hiyo stori, ati wamekwama angani. Mimi sikuona cha kuchekesha. Ile simu ya 1986 ilikuwa imepigwa tena, na safari hii aliyesema msirushe alisikizwa. Bili je? Boeing wameandikisha hasara ya zaidi ya dola bilioni 1.5 kwenye Starliner. Sehemu kubwa ya hiyo ingekuwa ya mlipa kodi chini ya mkataba wa zamani. Sisemi bei moja ni takatifu, kwa sababu mkaguzi mkuu wa NASA aligundua mwaka 2019 kwamba Boeing waliongezewa dola milioni 287 juu ya bei waliyopatana. Wakenya tunaijua hiyo michezo ya tenda, hatuhitaji kufundishwa.

Lakini angalia Boeing hiyohiyo upande wa pili wa barabara. Roketi kubwa ya serikali, SLS, ambayo bunge liliagiza mwaka 2010, mwili wake unajengwa na Boeing kwa mkataba wa kurudishiwa gharama. Ilipangwa kuruka mwisho wa 2016. Ikaruka Novemba 2022. Mwaka huo mkaguzi aliwaambia wabunge kwamba kila safari kati ya nne za kwanza za Artemis ingegharimu dola bilioni 4.1. Kampuni ni moja. Kwenye mkataba mmoja kuchelewa kunaiumiza, kwenye mwingine kunailipa. Nikipewa kazi ya video kwa bei moja, marekebisho ya kumi na moja yananiuma mimi na si mteja, na niamini, najifunza kumaliza mapema. Ningekuwa nalipwa kwa saa, hiyo video ingekuwa bado iko jikoni.

Kwa hivyo nimevaa jezi ya kampuni? Hapana, manze.

Juni 5, 2025, Musk na Rais Trump walikosana mitandaoni, na katikati ya matusi Musk akaandika kwamba ataanza kuistaafisha Dragon. Baada ya saa chache akabadilisha nia. Lakini kwa hizo saa, usafiri pekee wa Marekani wa kupeleka watu ISS ulikuwa unategemea hasira za mtu mmoja na simu yake. Kutoka trampolini ya Rogozin ni miaka 11 tu, na wako palepale: jirani mwingine, pikipiki ileile. Dragon ni mali ya SpaceX. NASA hununua safari. Ndiyo maana wale waliotaka kampuni moja walikosea kabisa, na ndiyo maana kuanguka kwa Starliner si ushindi wa SpaceX, ni hatari kwa kila anayetegemea SpaceX. Na kama wangechagua moja, na iwe Boeing, mwaka 2024 Wamarekani wangekuwa bado wanapiga foleni Moscow.

Kinachonikosesha usingizi zaidi ni lile swali la pili, la nani anasema hapana. Wilmore na Williams walikuwa wafanyakazi wa NASA, kwa hivyo NASA waliweza kuwazuia wasipande. Lakini Septemba 2021, SpaceX iliwabeba raia wanne kwenye Inspiration4, safari ya siku tatu iliyolipiwa na Jared Isaacman. Mteja hapo hakuwa serikali. Nani angesema hapana kwa niaba yao? Marekani ina mamlaka ya usafiri wa ndege, FAA, ambayo hutoa leseni za kurusha roketi na kulinda walio chini. Usalama wa abiria walio ndani ni kitu kingine. Sheria ya 2004 iliikataza FAA kuuwekea kanuni, ili eti biashara changa ipate nafasi ya kujifunza. Abiria anaelezwa hatari, anasaini karatasi kwamba ameelewa, anapanda.

Juni 2023 watu 5 walikufa ndani ya Titan, kile chombo cha kutalii mabaki ya Titanic baharini. Nao walikuwa wamesaini karatasi. Chombo hicho hakikuwa kimeidhinishwa na shirika lolote la ukaguzi.

Katazo la 2004 lilipangwa kuwa la miaka 8. Limeongezwa muda tena na tena, mara ya mwisho mwaka 2024. Sasa linaisha Januari 2028, lisipoongezwa tena.