RELI IMEPITA USOKE, KIWANDA KIKO WAPI?



Ndugu yangu, ukishuka stesheni ya Usoke, kabla hujafika Urambo, jiulize: reli imepita hapa zaidi ya miaka 100, mbona hatujawa mji wa viwanda?

Twende na historia. Kabla ya Wajerumani, Wanyamwezi walibeba mizigo ya frasila mbili mpaka Bagamoyo kwa miguu. Lakini usidhani walikuwa wapagazi tu. Kaskazini mwa Unyamwezi watu walifua majembe ya chuma, yakauzwa Tabora, yakatumika hata kulipia mahari. Hicho kilikuwa kiwanda, tena cha kwetu!

Mwaka 1912 reli ilifika Tabora, 1914 ikafika Kigoma. Mpagazi akakosa kazi. Majembe ya Ulaya yakajaa sokoni, mfua chuma akazima moto wake.

Mwaka 1947 Waingereza wakaanzisha mradi wa karanga Kongwa, Nachingwea na hapa jirani Urambo. Matrekta yakang'oa miti, ila mvua na udongo havikuchunguzwa vya kutosha. Mwaka 1951 mradi ukafutwa, na pauni kama milioni 36 zikapotea. Baadaye Urambo ikashika tumbaku. Hukumu ya tumbaku tutaizungumza siku nyingine inshallah. Leo tazama hili tu: miti ya miombo inakatwa kwa kuni za mabani, kisha jani linasafirishwa kwenda kusindikwa Morogoro. Visiki vinabaki kwetu, ajira ya kiwanda iko kwao.

Umeona, ndugu yangu? Kilichokuja kilipakia kikaondoka. Reli peke yake haijengi mji. Unajengwa na mikono inayogeuza mazao kuwa bidhaa.

Nabii Daud (a.s.) alikuwa mfalme, lakini Allah alimlainishia chuma, akatengeneza mavazi ya vita na kula jasho la mikono yake.

Sasa reli ya kisasa ya Tabora hadi Kigoma inajengwa. Tusiingoje tumekaa juu ya magunia. Asali yetu tuichuje na kuifungasha hapa hapa. Vijana wa madrasa wajifunze pia kuchomelea vyuma. Na aliyekata mti apande mwingine, kwani ardhi hii ni amana na tutaulizwa.

Ewe Mola, tubarikie mikono yetu na utuepushe na uvivu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Mfikishie na mwenzako.