Upinde wa mtumba na ufundi tuliousahau

Nilinunua upinde wa mtumba hapa Machakos, ule wa kufungua vipande vitatu. Kila nikiachilia mshale, upote unanichapa mkono. Siku mbili nahangaika. Mzee jirani akaugusa upote kwa kidole, akasikiliza mlio: "Kijana, huu umelegea. Usokote."

Nikauvua, nikauongezea mizunguko. Ukafupika, ukakaa kama sentimita 20 kutoka kwa mshikio. Hauchapi tena.

Sasa niambieni, mzee ambaye hajawahi kumiliki upinde wa kiwandani alijuaje?

Jibu ni historia. Karne ya 19 Wakamba walipeleka pembe za ndovu hadi Mombasa, na wafanyabiashara kama Kivoi wa Kitui wakapata jina. Ndovu wale waliangushwa kwa uta na mishale ya sumu. Mwindaji asiyejua kurekebisha uta wake angelala njaa. Kisha wakoloni wakaleta leseni: Mzungu mwenye bunduki akaitwa mwindaji, Mkamba mwenye uta akaitwa jangili. Mwaka 1977 Kenya huru ikapiga marufuku uwindaji.

Marufuku naiunga mkono, ndovu wetu wabaki. Lakini kulenga shabaha si ujangili, na kumuuliza mzee hakuhitaji leseni. Sisi tumeacha vyote viwili, halafu tunatafuta mafunzo YouTube kwa watu wa mbali.

Wikendi hii ukienda ushago, muulize babu kuhusu uta. Wanaojua wanazidi kupungua.