Ustawi wa jamii Kajiado: Kumwokoa mtoto ni nusu ya safari

Kazi ya ustawi wa jamii ni taaluma ya kuzisaidia familia zilizokumbwa na dhiki kurejea katika maisha ya staha. Katika Kaunti ya Kajiado, iliyokuwa na wakazi 1,117,840 wakati wa sensa ya 2019, kazi hiyo ina sura mbili.

Ya kwanza ni ya maboma ya wafugaji. Huko, shauri la msichana anayekaribia kuozwa huwahusu wazazi, wazee wa rika na ndugu ambao aghalabu wamekwisha kupokea mifugo ya mahari. Sheria ya Watoto ya 2001, ambayo nafasi yake ilichukuliwa na ile ya 2022, iliharamisha ndoa za mapema na ukeketaji wa watoto. Sheria nyingine ya 2011 iliharamisha ukeketaji wa wanawake wa umri wowote.

Shule ya Msingi ya Wasichana ya AIC Kajiado, chini ya mwalimu mkuu Priscilla Nangurai, ilisifika kwa kuwapokea wasichana waliotoroka ndoa hizo. Hata hivyo, bweni si nyumbani. Shule zikifungwa, msichana hujiuliza aende wapi, ilhali babake angali na hasira. Ndiyo maana afisa hodari hurudi bomani: humsikiliza mama kwanza, huketi na wazee, kisha huzuru tena na tena hata baada ya mapatano. Mkakati wa kitaifa wa mageuzi ya malezi wa 2022 hadi 2032 nao unasisitiza watoto walelewe katika familia badala ya makao.

Sura ya pili ni ya Kitengela. Ranchi ya pamoja ya huko iligawanywa 1988. Mashamba yakauzwa, nyumba za kupangisha zikajaa vibarua na wafanyakazi wa Nairobi na Athi River. Hapo hakuna wazee wa rika wa kuitisha kikao. Mtoto anaweza kuteswa chumbani na jirani asijue hata jina lake. Afisa hulazimika kuwategemea mwalimu, muuguzi, mwenye nyumba, akina mama wa chama na chifu.

Bomani afisa huukuta ukoo na kuushawishi. Mjini huanza kwa kuwaunganisha majirani. Kotekote, mtoto aliyeokolewa lakini hana pa kurudi bado yumo hatarini. Simu ya bure ya kuripoti dhuluma dhidi ya watoto ni 116.