Muziki wa Usukuma uliolala kwenye santuri

Pamba ikishavunwa, kati ya Juni na Agosti, viwanja vya Bariadi, Maswa, Itilima, Meatu na Busega hugeuka medani za mbina, mashindano ya ngoma ya Wasukuma. Upande mmoja wapo Bagika, upande wa pili Bagalu. Kila kundi lina manju wake, ngoma zake, mavazi yake na samba, dawa ya kuvutia watu. Hayupo jaji aliyeketi na karatasi ya alama. Watazamaji wakimiminika upande wako, umeshinda. Wakikupa kisogo, rudi nyumbani ukatunge upya. Simulizi za Usukuma zinaufikisha upinzani huu kwa waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, na mpaka leo hakuna aliyeumaliza.

Ukiuliza nyimbo hizo ni za nani, utajibiwa haraka: ni ngoma za asili. Jibu hilo limewafukia watunzi wa karne nzima. Wimbo wa mbina una mwenyewe. Manju huutunga kwa ajili ya msimu fulani, akamtaja mpinzani wake kwa jina, akaliingiza tukio la mwaka ule, na mwakani hutakiwa aje na mwingine. Kwa hiyo nyimbo hizi ni historia ya Tanganyika iliyotungwa na watu walioiishi. Wasukuma walioingia jeshi la King's African Rifles wakapelekwa kupigana Burma katika Vita Kuu ya Pili walirudi na nyimbo za vita hivyo. Baadaye zikaja za pamba, za vyama vya ushirika vilivyoungana mwaka 1955 chini ya uongozi wa Paul Bomani, za TANU, na miaka ya 1980 za sungusungu.

Na muziki huu una sura nyingi. Kuna ndono, upinde wa waya mmoja uliofungwa kibuyu. Kuna wigashe, ambayo waimbaji huketi chini, kundi zima likaitikia kwa sauti zilizopangwa. Kuna bugobogobo ya wakulima wenye majembe, ambayo mpigo wake ndio ulioharakisha kazi shambani. Mtu aliyesikia ngoma za bugobogobo zikijibizana hatakubali tena kwamba neno "okestra" ni la watu wa Ulaya tu.

Sasa sauti za zamani ziko wapi? Nyingi ziko mbali. Mwaka 1909 mtaalamu wa muziki Erich von Hornbostel alichapisha uchambuzi wa nyimbo za Wanyamwezi, ndugu wa damu wa Wasukuma, katika jarida la Anthropos. Mwaka 1946 Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyekuwa mtaalamu wa jamii wa serikali ya kikoloni, aliandika kuhusu Buyeye, chama cha wacheza nyoka wa Usukuma. Kisha mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, akaingia Tanganyika na mitambo ya kurekodia, akawanasa Wanyamwezi, Wasukuma, Wagogo na wengine wengi. Sahani za wakati ule zilibeba kama dakika tatu kila upande, na mbina huchukua kutwa nzima. Alichokinasa ni kipande tu, lakini ni kipande chenye thamani kubwa.

Tracey alianzisha mwaka 1954 maktaba ya kimataifa ya muziki wa Afrika, ambayo leo ipo Chuo Kikuu cha Rhodes nchini Afrika Kusini. Kampuni ndogo ya Uholanzi, SWP, ilizitoa upya baadhi ya rekodi zake za Tanganyika. Kwa hiyo mpenzi wa muziki wa Utrecht anaweza kumsikiliza mzee wa Usukuma wa mwaka 1950, na kijana wa Bariadi asijue kwamba sauti hiyo ipo.

Kanisani nako kuna hazina iliyosahauliwa. Mwaka 1950 Kanisa Katoliki lilianzisha vikariati iliyoitwa Maswa, ikawa jimbo mwaka 1953, na mwaka 1956 jina likabadilishwa kuwa Shinyanga. Wamisionari wake wengi walikuwa Wamarekani wa shirika la Maryknoll. Enzi hizo misheni nyingi za Afrika Mashariki ziliitazama ngoma kama jambo la kipagani. Chombo cha ibada kilikuwa kinanda.

Waliofungua mlango walikuwa Waafrika. Mwaka 1959 Padri Stephen Mbunga, aliyetokea kusini mwa Tanganyika, alitoa Misa Baba Yetu, na mwaka 1963 akachapisha kitabu cha kitaalamu kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Mwaka huohuo, tarehe 4 Desemba, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipitisha hati ya liturujia. Kifungu cha 119 kinataka muziki wa mataifa ya misheni upewe heshima yake, na cha 120 kinakisifu kinanda cha mabomba, kisha kinaruhusu ala nyingine. Oktoba 1964, wafiadini wa Uganda walipotangazwa watakatifu, utenzi mkubwa wa kwaya na ngoma wa Joseph Kyagambiddwa wa Buganda uliimbwa Roma. Kwangu mimi, kazi za Mbunga na Kyagambiddwa zastahili kufundishwa katika kila chuo cha muziki cha ukanda huu, na ni aibu kwamba wanakwaya wengi hawajawahi hata kusikia majina yao.

Usukuma ulikuwa na Bujora, Kisesa, upande wa Mwanza. Pale Padri David Clement, Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika, alijenga kanisa lenye umbo la nyumba ya Kisukuma, akaruhusu ngoma na nyimbo za Kisukuma katika ibada, na akahifadhi ngoma za watemi zilizo leo kwenye makumbusho. Sikukuu ya Bulabo, iliyofungamana na Ekaristi, ikawapa Bagika na Bagalu uwanja wa kushindana.

Aliyekusanya nyimbo za Kisukuma kwa upana ni Mmarekani Frank Gunderson. Kitabu chake cha mwaka 2010, kilichotolewa na Brill wa Leiden, kina nyimbo zaidi ya 300 za kazi: za wawindaji, wapagazi, wacheza nyoka, wakulima na askari, kwa Kisukuma na kwa tafsiri ya Kiingereza. Toleo la Kiswahili lingewafikia walimu wa Simiyu wanaozihitaji nyimbo hizo darasani.

Kurudisha sauti nyumbani kunawezekana. Miaka ya 2010 maktaba ya Tracey ilishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi kuwapelekea Wakipsigis rekodi zao za mwaka 1950, wakasikia sauti za wazazi wao. Simiyu, mkoa uliozaliwa mwaka 2012, una viwanja vya Nyakabindi vilivyopokea Nane Nane ya kitaifa. Banda moja la kusikilizia rekodi za Wasukuma, wakati wa maonyesho, si gharama ya kuutisha mkoa.

Na wewe msomaji wa Bariadi, Lamadi au Mwanhuzi: kama nyumbani kuna kanda za mbina au daftari la nyimbo la mzee, usizitupe. Ziweke pakavu, mbali na jua. Andika juu ya kila moja jina la manju, kundi lake, kijiji na mwaka, kisha umpelekee ofisa utamaduni wa wilaya nakala. Wazee wanaoyajua majina hayo bado wapo. Waulize mwaka huu.