Kukomaza Zege Kwenye Baridi

Fundi wa Dodoma akishamwaga zege la msingi, kesho yake hushika mpira wa maji. Kazi hiyo huiita kumwagilia, na neno linamtosha kwa sababu adui yake ni jua. Huko Minnesota, Marekani, mambo hugeuka. Msingi wa nyumba sharti ushuke chini ya kina ambacho udongo huganda, zaidi ya mita moja, ndiyo maana wengi huchimba zaidi kidogo wakapata chumba kizima chini ya nyumba. Atakayemwagilia ukuta wa chumba hicho mwezi Januari atauharibu: maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, zege bichi likachanika ndani kwa ndani, na nguvu iliyopotea hairudi. Mafundi wa huko huyeyusha kwanza barafu ya ardhini, huchanganya zege kwa maji ya moto, kisha hulifunika kwa mablanketi mazito siku kadhaa. Hawamwagilii, ila lengo lao ni lile lile la Dodoma: saruji ipate unyevu na joto hadi ishikane na kokoto. Naona jina la kazi hii kote kuwili liwe kukomaza zege.

Wengi watasema kukausha, kwa kuwa mitaani zege “hukauka”. Lakini vipande vya kupimia nguvu ya zege huzamishwa majini hadi siku 28, na hutoka vigumu kuliko vilivyoingia. Saruji hainyimwi maji ili iwe ngumu. Huyatumia, na katika kuyatumia hutoa joto lake yenyewe. Anayeamini kukausha atawasha jiko la moto ndani ya shimo lililofunikwa. Uso wa zege utapoteza maji mapema, na hewa ya ukaa itaufanya utoe vumbi. Mwingine atapendekeza kuvundika, kwa ajili ya yale mablanketi. Ni neno zuri, ila linafaa kwenye baridi tu. Je, kukomaa si kwa maembe? Ndiyo, na embe huweza kukauka bila kukomaa. Tofauti hiyo hiyo ndiyo tunayoitafuta. Kumwagilia kubaki, kama njia mojawapo ya kukomaza. Mwongozo ukisema “mwagilia siku 7”, fundi aliye kwenye baridi atatii na kuharibu; ukisema “komaza hadi nguvu ya megapaskali 3.5 kabla zege halijaganda”, ataulizia kipimajoto na mablanketi.